Bwawa linalovuja wakati wa baridi: soma dalili, okoa turubai na laina

Turubai la bwawa halijibebi. Kamba, springi na mifuko ya maji pembeni kazi yake ni kulizuia lisihame, lakini mzigo wenyewe hubebwa na maji yaliyo chini yake. Mvua ya milimita 25 ikinyesha juu ya bwawa la mita 5 kwa 10 ni lita 1,250, yaani kilo 1,250. Maji ya bwawa yakiwa juu, uzito huo unatua juu yake na hakuna kinachokatika. Yakishuka sentimita 60, uzito ule ule unaning'inia kwenye mishono. Ndiyo maana turubai likichanika Januari, anza kuuliza maji yalikuwa wapi kabla ya kulaumu kitambaa.

Maelezo haya yanahusu mabwawa ya nyumbani kaskazini mwa Marekani na kusini mwa Kanada: Ohio, Michigan, Minnesota, Ontario na majirani zake, ambako bwawa hufungwa, yaani hufunikwa turubai na kuachwa hadi baridi iishe, Septemba au Oktoba na kufunguliwa Aprili au Mei. Aliyetunza bwawa Mombasa au Dar es Salaam anajua kuvuja kama gharama ya maji tu. Maji yakipungua, unafungulia bomba. Huku ardhi inaganda hadi chini. Sheria za ujenzi za Minnesota hutaka misingi ya nyumba ishuke inchi 42 kusini mwa jimbo na inchi 60 kaskazini, kwa sababu ya baridi hiyo. Maji yanayovuja kwenye udongo wa namna hiyo huganda, hupanuka kwa karibu asilimia 9, na husukuma mabomba na kuta.

Mfano wetu ni bwawa la kuchimbwa la futi 16 kwa 32, karibu mita 5 kwa 10, lenye laina ya vinili, yaani ngozi ya plastiki inayofunika kuta na sakafu yake. Shika hesabu moja: kila sentimita inayoshuka ni lita 500. Bwawa lako likiwa na ukubwa mwingine, zidisha urefu kwa upana kwa mita, kisha mara 10. Hizo ndizo lita za sentimita moja.

Pima kabla ya kutafuta

Kabla ya kufunga, hakikisha kwamba maji yanavuja kweli na si jua na upepo vinavyoyakausha. Chukua ndoo ya lita 20, weka jiwe ndani isielee, ijaze maji ya bwawa na uisimamishe kwenye ngazi ya bwawa ili maji ya ndani na ya nje yalingane. Weka alama pande zote mbili kwa tepu. Subiri saa 24 bila mvua na bila watu kuogelea. Ndoo na bwawa vikishuka sawa, ni mvuke. Bwawa likishuka zaidi, tofauti hiyo ndiyo inayovuja.

Rudia kipimo mara mbili, pampu ikiwa inazunguka kisha ikiwa imezimwa. Likipoteza zaidi pampu ikizunguka, shuku mabomba ya kurudishia maji, maana hapo ndipo penye shinikizo. Likipoteza zaidi ikiwa imezimwa, shuku upande wa kufyonza, hasa kama pampu ikiwaka unaona viputo vya hewa vikitoka kwenye matundu ya kurudishia. Likipoteza sawasawa hali zote mbili, tatizo liko kwenye bwawa lenyewe: laina, skima (boksi la ukutani linalofyonza uchafu unaoelea), taa au dreni ya chini.

Baada ya kufunga, ndoo haina kazi tena. Chini ya turubai lisilopitisha maji karibu hakuna mvuke unaopotea, kwa hiyo kinachoshuka ni kuvuja au ni pampu ya turubai, ile inayoondoa maji ya mvua juu yake, ambayo tutaifikia. Inua kona moja kila Jumamosi, pima kwa rula kutoka ukingoni hadi kwenye maji, andika tarehe na kipimo.

Ukipoteza chini ya sentimita 1 kwa wiki, majira yote ya baridi yatakula sentimita 20 hadi 25. Bwawa la hivyo linaweza kufungwa, ukijaza mara moja au mbili katikati. Sentimita 1 hadi 3 kwa wiki linavumilika kama kuna mtu wa kulipima na kulijaza kila baada ya wiki mbili au tatu. Sentimita 1 kwa siku ni lita 3,500 kwa wiki. Bwawa hilo usilifunge kabla ya kupata tundu, kwani mbali na turubai, maji hayo yanahamisha mchanga chini ya laina, na sakafu itakuja kutitia.

Dalili: pampu ya turubai haipumziki, na maji ya bwawa yanashuka

Hili ndilo kosa tunalokutana nalo kuliko yote, na mara nyingi bwawa lenyewe halina tundu lolote. Tundu liko kwenye turubai.

Maji ya mvua yanapokaa juu ya turubai, yanalisukuma chini hadi maji ya juu na ya chini yalingane. Likiwa na tundu la upana wa penseli, maji ya bwawa yanapanda kupitia hapo kila pampu inapopunguza yaliyo juu. Pampu haijui ni maji gani inayovuta. Hata pampu ndogo ya galoni 350 kwa saa inatoa lita 1,300 hivi kwa saa. Ikiachwa ifanye kazi kwa muda wa saa 10, inaweza kutoa hadi lita 13,000, ambazo ni sentimita 26 za bwawa letu la mfano. Asubuhi mwenye nyumba anaona bwawa limeshuka, anamwita fundi wa kutafuta uvujaji, na fundi hakuti kitu.

Kulijua ni rahisi. Zima pampu ukiwa umebakiza maji kidogo juu ya turubai, weka alama penye ukingo wa dimbwi hilo, na usubiri siku moja isiyo na mvua wala theluji inayoyeyuka. Dimbwi likikua, lina chanzo chini yake. Angalia na rangi pia: maji ya mvua yaliyokaa na majani huwa ya kahawia kama chai ya rangi, yakianza kutoka meupe kwenye mpira wa pampu, hayo ni ya bwawani. Kama bwawa lako ni la chumvi, chovya kijiti cha kupimia chumvi kwenye maji ya juu ya turubai. Mvua haina chumvi. Ukikuta kipimo kinakaribia cha bwawa, tundu lipo.

Kulipata, vuta maji hadi ibaki sentimita moja hivi, kisha kaa ukingoni na kusukuma turubai polepole kwa ufagio laini wenye mpini mrefu. Penye tundu utaona maji yakibubujika kama kijichemchemi, mara nyingi kwenye mikunjo au pale tawi lilipodondoka. Zungushia alama kwa kalamu ya nta. Vuta sehemu hiyo hadi ukingoni, kausha, futa kwa spiriti, bandika kiraka pande zote mbili kikizidi tundu kwa sentimita 5 kila upande, na kata pembe zake ziwe mviringo ili zisibanduke. Maturubai mengi ya kawaida ni ya polithini, na gundi ya vinili haishiki polithini hata ukiikandamiza kwa tofali. Tumia tepu ya kurekebishia maturubai ya bwawa, na uifanye kazi hiyo siku yenye joto la zaidi ya nyuzi 10 kama ratiba inaruhusu. Kukiwa na baridi zaidi, pasha kiraka ndani ya nyumba na ukibandike kikiwa bado na joto.

Turubai la wavu halihitaji pampu kabisa. Maji hupita chini yenyewe, na ukiweka pampu juu yake utalimaliza bwawa. Vivyo hivyo maturubai mazito yenye kipande cha wavu katikati cha kupitishia maji.

Dalili: turubai limezama katikati, pampu iko salama, maji yanazidi kushuka

Hapa bwawa linavuja kweli, na swali la kujibu ni maji yanasimama wapi. Tundu haliwezi kunywa maji yaliyo chini yake, kwa hiyo mstari ambapo maji yanaacha kushuka ndiyo ramani yako.

Yakisimama chini kidogo ya mdomo wa skima, tatizo ni skima: gasketi kati ya fremu na laina imekauka, au plastiki imepasuka pale inapokutana na zege. Kwa majira ya baridi usihangaike kuirekebisha. Funga mdomo wake kwa kifuniko maalumu cha plastiki kinachobana kwa mpira, na bwawa litabaki limejaa. Kaza skrubu za fremu kwa mkono tu. Skrubu iliyokazwa kupita kiasi huchana vinili.

Yakisimama kwenye matundu ya kurudishia maji, ziba kila tundu kwa kizibo cha mpira kinachotanuka unapokaza bawa lake. Kama bwawa limefungwa vizuri vizibo hivyo tayari vipo. Kukiwa na kizibo na bado yanavuja, chanzo ni gasketi nyuma ya fremu, wala si bomba. Tofauti hiyo ina faida kubwa: bwawa lililokuwa likivuja kabla ya kufungwa na likaacha baada ya vizibo kuingia, lina bomba bovu chini ya ardhi, na mwezi wa Mei fundi ataanzia hapo.

Yakisimama usawa wa taa, shuku bomba la waya nyuma yake. Taa yenyewe inakaa ndani ya maji na hilo si kosa. Kosa ni pale waya unapoingia kwenye bomba linalokwenda juu kwenye boksi. Zima umeme wa taa kwenye swichi kuu, toa taa kwa skrubu ya juu, na uzibe mdomo wa bomba kuzunguka waya kwa udongo wa epoksi unaokauka ndani ya maji. Ukande dakika 2 au 3 hadi rangi zake mbili ziwe moja. Maji yakiwa baridi hukauka polepole, hivyo usiuguse hadi kesho yake.

Yasiposimama popote, ni dreni ya chini au sakafu ya laina. Hapo wengi hukata tamaa na kusema bora litoke maji yote. Tafadhali usifanye hivyo. Maji ya bwawa ndiyo yanayoshindana na maji ya ardhini. Theluji ikiyeyuka Machi na udongo ukashiba, bwawa tupu la faibaglasi linaweza kuinuka kutoka ardhini, kuta za zege hupasuka, na laina ya vinili iliyokaa bila maji husinyaa hadi isirudi tena mahali pake. Bwawa linalovuja ukalijaza kila wiki ni nafuu kuliko bwawa tupu.

Kuongeza maji kukiwa na baridi

Kwa turubai lililofungwa kwa springi na nanga, usiache maji yashuke zaidi ya inchi 18, yaani sentimita 45, chini ya turubai. Baadhi ya watengenezaji wanataka pungufu ya hapo, kwa hiyo soma karatasi iliyokuja nalo. Kwa turubai la mifuko ya maji usingoje hata sentimita 20.

Kuna desturi ya kupunguza maji sana wakati wa kufunga, kwa hofu ya barafu. Kwa bwawa lisilovuja lenye turubai la wavu ina maana, maana mvua na theluji zitaongeza. Kwa bwawa linalovuja ni kujiongezea balaa. Ziba skima na uanze majira ukiwa na maji juu.

Chagua siku ambayo joto limepanda juu ya sifuri. Kabla ya kufungulia, pima kasi ya mpira kwa ndoo ya lita 20: ikijaa kwa sekunde 48 una lita 25 kwa dakika, na sentimita 10 za bwawa letu, lita 5,000, zitachukua saa 3 na dakika 20. Weka saa ikukumbushe. Funga kitambaa kwenye ncha ya mpira ili maji yasichimbe mchanga chini ya laina, na uupitishe chini ya kona ya turubai. Ukimaliza, ufungue mpira kutoka kwenye bomba la nje, umwage maji yote na uuingize ndani. Bomba la nje lililotengenezwa lisigande hupasuka ndani ya ukuta kama mpira umeachwa umeunganishwa, na utajua habari hiyo siku utakapolifungulia.

Bwawa la mfano lina lita 75,000 hivi. Ukiongeza lita 15,000 kufikia Februari, asilimia 20 ya maji ni mapya na dawa imepungua kwa kiasi hicho. Pima alkalini, ikae kati ya 80 na 120, na pH kati ya 7.2 na 7.6. Kwa bwawa la plasta angalia na kalsiamu, maana maji baridi yenye kalsiamu kidogo hulamba plasta.

Dalili: barafu inatoa sauti ya uwazi

Ukigonga barafu ukingoni kwa mpini wa ufagio na sauti ikarudi kama ya ngoma, chini hakuna maji. Barafu iliganda maji yakiwa juu, kisha yakavuja chini yake, na sasa bamba lenye uzito wa tani kadhaa limeshikilia kuta. Sentimita 10 za barafu kwenye bwawa letu ni zaidi ya tani 4. Likidondoka linachana laina kwenye pembe na kwenye ngazi, na linaburuta turubai pamoja nalo.

Mtu yeyote asilikanyage. Mtoto akitumbukia hapo, yuko chini ya barafu na chini ya turubai kwa pamoja. Usilivunje kwa nyundo wala shoka, maana vipande vyake vina makali kama vioo. Ingiza mpira wa maji pembeni penye mwanya, na ujaze polepole hadi maji yaguse barafu na kuibeba tena. Kama hakuna mwanya, ngoja siku ya joto barafu iachie ukuta. Pampu ya turubai ikigandia juu, zima umeme wake kwanza, mwagia maji ya uvuguvugu hadi iachie yenyewe, na uitunze ndani hadi baridi kali ipite. Iunganishe tu kwenye soketi ya nje inayojikata umeme ukivuja.

Theluji laini isukume kwa ufagio. Sepetu ya chuma ina kona, na turubai la baridi ni gumu, linapasuka badala ya kunyumbuka.

Dalili: mifuko ya maji inaingia bwawani, springi zimebanwa hadi mwisho

Mifuko ikitambaa kuelekea majini, usiishie kuirudisha. Turubai limevutwa kwa sababu maji yameshuka, au lilikuwa dogo tangu mwanzo. Bwawa la futi 16 kwa 32 huuziwa turubai la 21 kwa 37, ambalo linaacha futi 2 na nusu kila upande. Kwa bwawa linalovuja nunua saizi inayofuata. Mifuko ijazwe robo tatu tu. Iliyojaa pomoni hupasuka ikiganda. Mawe na matofali usiweke kamwe, yakivutwa ndani yanachana laina.

Kwenye turubai la nanga, springi iliyofungwa vizuri huwa imebanwa kama nusu. Zikibanwa zote hadi pete zigusane, kuna mzigo. Ondoa maji na theluji, ongeza maji chini, na ndipo ulegeze mkanda. Springi inayofunguliwa ikiwa na mzigo huruka, na mtu amepoteza jicho. Pale mkanda unaposuguana na ukingo wa mawe, weka kipande cha zulia la zamani chini yake.

Na ieleweke wazi kwamba turubai la mifuko ya maji si kinga ya mtoto. Kiwango cha ASTM F1346, cha Marekani kuhusu maturubai ya usalama, hutaka turubai la usalama la bwawa pana kuliko futi 8 lihimili pauni 485, karibu kilo 220, sawa na watu wazima wawili na mtoto mmoja. Uzio na geti vibaki vimefungwa.

Mabwawa ya juu ya ardhi

Kwa haya hesabu ni kali zaidi. Turubai limekazwa kwa waya na winchi kuzunguka ukuta mwembamba wa bati, na kinachouzuia ukuta usivutwe ndani ni maji. Maji yakishuka chini ya nusu na theluji ikiwa juu, legeza waya, toa turubai, uache bwawa wazi. Utapata maji machafu mwezi wa Aprili, ambayo ni kazi ya siku tatu. Ukuta uliokunjika haunyooshwi.

Mabomba yanayovuja

Bomba lenye ufa halitunzi antifrizi, dawa ya kuzuia maji yasigande. Inatoka pale pale maji yanapotokea. Kwa hiyo tegemea hewa: puliza kwa kompresa hadi maji yaishe kabisa, ziba ncha zote mbili, ndipo uongeze antifrizi, galoni 1 kwa kila futi 10 za bomba la inchi 1 na nusu. Iwe ya propilini glikoli, ile inayouzwa kwa mabwawa. Ya gari ni ethilini glikoli, ni sumu, na kwa bomba linalovuja ingeishia kwenye udongo wa bustani yako.

Aprili, kabla ya kujaza

Vuta kwanza uchafu wote juu ya turubai, kisha litoe. Usifungulie maji bado. Tazama mstari maji yaliposimama na ukague kila kilicho usawa wake, ukutani, kwenye mishono, kwenye fremu za taa na matundu. Chukua bomba la sindano lisilo na sindano, lijaze rangi nyekundu ya chakula, zima kila kinachotikisa maji, na ulisogeze polepole hadi sentimita 2 kutoka pale unapopashuku. Toa tone moja. Pasipovuja, rangi inaelea ikatanda kama moshi. Panapovuja, inanyooka ikawa uzi mwembamba na kuingia ndani. Zungushia alama hapo, na kama ni laina, ngoja maji yapate joto kidogo kabla ya kubandika kiraka cha chini ya maji, maana vinili ya baridi haikubali kulala.